Mnaochora hadithi za upelelezi kwa watoto, mnawapora kidokezo!

Wakuu, hili limezidi. Hadithi ya Sherlock Holmes ya kito cha buluu, ile ya Arthur Conan Doyle ya mwaka 1892, inafanywa kitabu cha picha, na jaladani tayari kito kinang'aa tumboni mwa bata bukini! Mtoto wa miaka mitano apeleleze nini tena?

Hadithi yenyewe haina maiti wala damu. Ryder, mhudumu mkuu wa hoteli, anaiba kito, anamsingizia fundi bomba Horner, kisha anamlisha kito hicho bukini mmoja kati ya 26 wa dada yake. Alama yake ni mstari mweusi mkiani. Kumbe wenye mstari ni wawili, naye anachukua siye! Kidokezo chote ni cha macho, halafu nyinyi mnachora bukini wote weupe pee na kuandika "alikosea bata". Kwa nini alikosea? Mtoto hana pa kujua.

Karatasi za ndani ya jalada mnaziacha tupu. Pachoreni bukini wote 26, wawili wakiwa na mstari, na maneno yasiutaje kabisa. Kisha Henry Baker, yule aliyempata bukini mwenye kito bila kujua, anapomwangusha usiku pale Tottenham Court Road, barabara ya London, mkia uonekane. Ryder akiungama, mtoto mwenyewe atarudi mwanzo kuhesabu.

Na mkia huo msiuweke kwenye mshono wa katikati, gundi itaumeza. Acheni angalau sentimita 1.5 kila upande. Usiku wa London mkiukoleza kahawia na buluu nzito, mstari mweusi unapotea. Taa ya gesi ipo kwenye hadithi, imulikeni juu ya bata!

Kurasa 32, ukitoa za jina na hakimiliki, zinabaki jozi 14 hivi za kurasa zinazotazamana. Maneno 500 yanatosha, kama 35 kwa jozi. Mnajaza 1,200 kisha mnamfuta Horner ili kupata nafasi. Bila mtu asiye na hatia kuwa rumande, haraka ya Holmes inatoka wapi?

Ryder naye mnamchorea macho ya kijambazi tangu ukurasa wa kwanza, na mwishoni mnamtia pingu. Holmes alimfungulia mlango akamwambia atoke! Watoto wangebishana juu ya hilo hadi usiku.

Mchoraji mwenye rasimu aiweke hapa, tuhesabu mikia.