Yule mwenye mziki wa kwenye lori jana kanidhalilisha Chikongola mbele ya mwali na ukoo mzima

Wakuu, sijalala. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayekodisha mziki, wa lori la maspika la kijani, njano na nyekundu, ambaye msimu wa korosho ukifika anajiona mkuu wa mkoa. Kila shughuli yeye, toka Magomeni mpaka Mikindani.

Jana Chikongola, hapa Mtwara, tunamtoa mwali. Niliyekodiwa ni MIMI, advansi nilishapewa. Yeye kaletwa na mjomba mmoja wa upande wa baba, eti zawadi kwa mwali. Sawa, sina neno. Kina mama wamejaa, mwali yuko juu mabegani, nimeachia singeli ile inayokimbia mapigo 200 na ushee kwa dakika, vumbi limepanda mpaka kwenye taa. Jamaa kamaliza kufunga waya, kashika maiki, kasema:

"Jamani, nani simu yake inaita? Apokee basi tuanze shughuli."

SIMU! Mziki wangu mimi! Masanduku nimepiga randa mwenyewe, besi za inchi 18, amplifaya nimeichomea risasi kwa mkono wangu. Simu inaita! Bibi wa mwali, ambaye mwaka wa ngapi huu hasikii, alicheka. Mbuzi wa jirani walicheka. Naapa hata mwali alicheka, na mwali haruhusiwi hata kutabasamu.

Na huyu ndiye anayejiita Mjamaika. Jamaika ipi? King Tubby wa Kingston alikuwa fundi redio, amplifaya zake anaunda mwenyewe, na mji mzima ukamheshimu. Miaka ya 50 Duke Reid na Coxsone Dodd, wenye mziki wa huko huko, walikuwa paka na panya, lakini walikomoana kwa santuri, nani ana wimbo ambao mwenzake hana. Coxsone alikuwa anakwangua lebo za santuri zake ili wapinzani wasijue anapiga nini. Huyu wa kwetu nyimbo zake nusu kazinyonya kwenye flashi YANGU, mwaka juzi nilimwazima kwa roho safi! Halafu leo mimi ni simu. "Apokee basi." Apokee nani?

Nasema hivi, aombe radhi, kwenye maiki ile ile, Chikongola pale pale.

korosho_ghafi: Pole mkuu. Ila nilikuwepo. Mimi binafsi nilijipapasa mfukoni.

mwana_shangani: 😂😂😂 Uzi ufungwe, mshindi kapatikana

Mleta uzi: Korosho_ghafi wewe ulikuwa umekaa upande wa twita, vile vispika vya sauti nyembamba. Besi ungeisikiaje? Ungezunguka huku.

babu_wa_rege: Kijana, umesoma nusu. Kwenye mashindano ya mziki kule Jamaika kumchamba mwenzio kwenye maiki ndiyo mchezo wenyewe. Watu wanamlipa msanii awaimbie jina la mziki wao, santuri inachongwa moja tu, kazi yake kumzika mpinzani. Ulitakiwa umjibu hapo hapo, siyo kuja kulia humu.

Mleta uzi: Ningemjibu na nini babu, maiki alikuwa nayo yeye! Na alisema MBELE YA MWALI. Duke Reid aliwahi kuwa polisi, alikuwa anatinga dansini na bunduki. Angeambiwa simu inaita tungesikia mengine.

mama_shughuli_Lindi: Nyie wenye mziki wote ni wale wale. Nilikodi mmoja huku Mtanda, kachukua hela yote mbele, kaja saa nne usiku na spika moja imepasuka koni. Wageni wanaondoka ndiyo kwanza anasema "cheki, cheki". Mngejua tulivyowachoka.

mwana_shangani: Shida ya Lindi siyo mziki, ni pilau kuisha saa saba mchana.

mama_shughuli_Lindi: Pilau la kwenu Mtwara lina nyama? Usinichokoze mwanangu.

kinu_cha_Masasi: Singeli ndiyo imeharibu shughuli. Pigeni Kikongo, nyimbo za Kongo. Huko Kolombia, Cartagena na Barranquilla, wana mziki wao unaitwa picó, masanduku yamechorwa picha za rangi kali kote, na miaka na miaka wanapiga nyimbo za Kongo. Kikongo kimevuka bahari, nyie mnacheza kelele za Manzese.

mtoto_wa_Tandale: Mzee wa Masasi, kelele hizo Wazungu wanalipa kiingilio kuzisikia Ulaya. Wewe baki na rumba lako.

babu_wa_rege: Na hiphop nayo imetoka humo humo kwenye maspika ya Jamaika. DJ Kool Herc mzaliwa wa Kingston, kafanya pati Bronx, New York, tarehe 11 Agosti 1973. Heshimuni spika.

kinu_cha_Masasi: Spika bila umeme? Shughuli ya mdogo wangu umeme ulikatika mara mwali anaingia, jenereta halina mafuta, wakachukua ngoma za ngozi wakapiga sindimba mpaka asubuhi. Hakuna shughuli iliyonoga kama ile.

korosho_ghafi: Jenereta lenyewe siku hizi kulikodi bei ya mbuzi.

mama_shughuli_Lindi: Mbuzi gani? Huku kwetu mbuzi kapanda, shughuli ya Jumamosi tunachinja kuku.

mwana_shangani: NILISEMA MIMI pilau la Lindi!!

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Alisema nani simu yake inaita...

korosho_ghafi: Mama, hiyo spika yako ya Mtanda iliyopasuka, bado ipo? Natafuta sumaku ya spika ya inchi 18, koni nitabadili mwenyewe. Njoo PM.