Kulungu niliyempiga risasi karuka waya kwenda kwa jirani, nikaingia usiku kumtoa. Naombeni ushauri

MwanaPori
Wakuu habari za muda huu. Siku ya nne leo silali vizuri na nyumbani siwezi kusema maana waifu atanijibu si nilikukataza.

Leseni ninayo, na shamba ninalowinda nina ruhusa ya maandishi ya mzee mwenye shamba, hapo niko safi. Jumamosi jua linazama nikampiga kulungu dume, akakunja mgongo kama mtu kapigwa ngumi ya tumbo, nikajua tayari nimeharibu, risasi imekwenda nyuma. Akaruka seng'enge akaingia kwa jirani. Na huyo jirani alishasema zamani hataki kuona mguu wa mwindaji kwake, vibao kajaza mpaka wote.

Nikakaa pale kwenye waya kama dakika 20. Kuna manyoya yamenasa, na damu nyeusi nyeusi imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Roho ikaniuma, bunduki nikaiegemeza kwenye nguzo upande wetu, tochi nikaifunika kwa kiganja, nikapita chini ya waya. Nimemkuta bado anahema ananiangalia. Nikammaliza kwa kisu nikamburuta mpaka kwetu peke yangu, mgongo unauma hadi leo.

Sasa jirani kaona mburuzo wa damu hadi kwenye waya, kamuuliza mzee, mzee kwa kutojua kasema hakuna mwindaji aliyeingia kwa jirani. Niende nikaseme au ninyamaze liishe lenyewe?

Kobe_Mkavu
Kula nyama unyamaze. Ulitaka mnyama ateseke mpaka asubuhi? Kule Wyoming, Marekani, jamaa wanne walivuka kwenye ardhi ya tajiri kwa ngazi kabisa na kesi wakashinda.

Karani wa Zamani
@Kobe_Mkavu usimpoteze mwenzio. Wale wa 2021 ngazi waliisimamisha pale pembe mbili za ardhi ya umma zinapokutana, wakatoka ardhi ya umma wakashukia ardhi ya umma, udongo wa yule tajiri hawakuukanyaga, ndiyo maana mahakama ya rufaa ikawa upande wao 2025. Huyu kakanyaga, kachinja humo humo na kaburuta. Hata Sweden ambako unaruhusiwa kutembea porini kwa mtu bila kubisha hodi, ruhusa hiyo haigusi kuwinda.

MwanaPori, tenganisha vitu viwili. Sehemu nyingi mnyama pori si mali ya mwenye shamba, ila njia ya kumfikia ni ya kwake. Sheria zinatofautiana, Virginia, huko huko Marekani, kwa mfano unaweza kuingia kumchukua mbwa wako wa kuwindia ila bila silaha, kwingine hata mnyama uliyemjeruhi unaomba kwanza. Soma ya kwenu kabla hujafungua mdomo, lakini ufungue, maana mzee wa watu ameshasema uongo kwa niaba yako na yeye hajui.

Mama Shamba
Mimi ni hao wa vibao. Nilianza kuviweka siku nimekuta geti wazi na ndama wawili wako barabarani, na kila niliyemkamata alikuwa "anafuata mnyama aliyejeruhiwa", sijui hawa wasiojeruhiwa huwa wanaenda wapi. Aliyekuja mlangoni kuniomba sijawahi kumkatalia, mmoja nilitoka naye na tochi yangu mwenyewe. Kinachouma ni kusoma habari zako kwenye nyayo za mtu, asubuhi, peke yako.

Fundi wa Nyayo
Tuongee ukweli wa kazi. Damu nyeusi na majani ni tumbo. Huyo humfuati baada ya dakika 20, unampa saa 6, 8, hata zaidi, analala karibu na anakufa pale pale. Ukimfuata mapema anainuka anapotea, wewe umebahatika tu kumkuta. Damu nyekundu yenye povu ndiyo mapafu, huyo nusu saa inatosha. Kwa hiyo hii habari ya huruma sijaikubali, kanuni yenyewe ya kumsubiri ilikuwa inakupa usiku mzima wa kumpigia mzee simu, mzee ampigie jirani. Na kosa lilianza kabla ya risasi: kulungu hata ukimpata moyo sawasawa anaweza kukimbia mita 100, sasa jioni, karibu na waya wa mtu asiyetaka wageni, ulikuwa unapiga nini?

Halafu bunduki umeiacha gizani kwenye nguzo. Hiyo sijaisamehe.

Kobe_Mkavu
Pembe zina urefu gani lakini?

MwanaPori
Mrejesho wakuu. Nilianza kwa mzee, akanyamaza muda mrefu, akasema twende. Jirani hakufungua geti, tumeongea tumesimama nje. Nikamwambia yote, nikampa na nusu ya nyama, kaikataa. Akataka nimwonyeshe nilipopita. Tulipofika pale alipolala yule mnyama akapasukuma kwa buti, akasema mita chache tu kutoka hapa ng'ombe wangu wanalala, ungewapiga tochi wakakurupuka kwenye waya ungenilipa nini. Sikuwa na jibu, sikuwaza ng'ombe hata kidogo.

Kuhusu kwenda polisi, jirani anasema bado anafikiria. Mzee kasimamisha ruhusa yangu mpaka huyo jirani aamue, na amemwomba radhi mbele yangu kwa uongo alioutamka bila kujua, hapo ndipo nilipoona aibu hasa.

Mama Shamba
Umefanya vizuri kwenda. Hakukuuliza bunduki?

MwanaPori
Aliuliza. Nikamwambia ilikuwa upande wetu, imeegemea nguzo, na risasi ndani. Akamgeukia mzee akamwambia, huyu ni hatari kwako kuliko kwangu.