Kisumu bila petroli: wa baiskeli na wa piki za betri, tupeane uzoefu

Habari zenu wana Kisumu na majirani. Mimi nauza spea za baiskeli upande wa Kibuye. Zamani wateja wangu wengi walikuwa watu wa Ahero na Kombewa, wa kubeba maziwa na makaa. Tangu petroli ipite shilingi 200 kwa lita, Septemba 2023, naona sura nyingine kabisa: mabawabu, walimu wa chekechea, vijana wa mjengo, hata mhasibu mmoja na tai yake. Na hapo barabarani piki za betri zinapita bila kelele. Hotuba za mazingira tulizisikia za kutosha Africities, ule mkutano wa miji ya Afrika, ilipofanyika hapa Mei 2022. Leteni ya barabarani: unatumia pesa ngapi, unapitia wapi, chombo unakiacha wapi.

Boda wa Kondele:
Niko kwa ya betri, ya mafuta niliuza. Kwenye tambarare, Kondele hadi Nyamasaria au hadi Otonglo, sina neno. Oili hakuna, plagi hakuna, kabureta hakuna. Balaa ni kile kilima cha Riat. Mpakie mama na gunia lake la omena anaenda Kiboswa, uone asilimia za betri zinavyoyeyuka kama pesa ya harambee. Sasa kabla sijataja bei naangalia chaji kwenye kioo kwanza. Ikiwa chini ya nusu namwambia ukweli, mathe, panda na huyu mwenzangu wa petroli.

Betri tunabadilisha kituoni, unaacha iliyoisha unachukua iliyojaa, dakika chache tu. Lakini stima ikipotea jioni, saa ambayo abiria ndio wengi, tunapanga foleni mpaka nje ya geti. Na kuna jambo mtu hakuambii siku ya kusaini: ukichelewesha malipo ya siku, waliokukopesha wanaizima wakiwa huko ofisini kwao. Yangu waliizima nikiwa Obunga, mvua inanyesha, nikaisukuma. Piki hizi ni nzito, msione zinapita kimya. Hata hivyo nikihesabu kinachobaki mfukoni jioni, kwa mafuta sirudi.

Mkazi wa Manyatta:
Hiyo kimya unayosifu ndiyo inatutia hofu huku kwa vichochoro. Watoto wamezoea kuruka kando wakisikia mlio. Pigeni honi jamani.

Boda wa Kondele:
Kweli mama. Nikiingia Manyatta napiga honi kila kona.

Sista wa zamu ya usiku:
Mimi ni baiskeli, kutoka Nyalenda kwenda kazini. Nilianza kwa sababu nauli ya tuktuk ilikuwa inakula mshahara, na mvua ikinyesha wanaongeza bila aibu. Njia za miguu zilizowekwa kabro mjini ni nzuri, sitakuwa mchoyo wa shukrani. Asubuhi nikitoka zamu, kabla biashara hazijafunguliwa, nateleza tu. Jioni nikienda ni hadithi nyingine. Hapa kuna kibanda cha viazi karai, hapa tuktuk imepaki magurudumu mawili juu ya kabro, mbele kifuniko cha mtaro kimeibwa na mtu amesimamisha tawi la mti ndani ili usitumbukie. Unashuka, unapanda, unashuka. Mwishowe unarudi kwa lami pamoja na matatu.

Mama wa viazi simlaumu, pale ndipo wateja wanapita na hakuna aliyemwonyesha pengine. Lakini ile njia ingeongezwa mita moja tu upana, sote tungetosha.

Halafu macho. Mwanamke juu ya baiskeli Kisumu ni sinema ya bure. Siku za kwanza walinipigia mluzi, sasa wananiita "sista wa ndiga", yaani wa baiskeli, na wananichungia nikiingia dukani. Kazini tatizo lilikuwa mahali pa kuifungia. Magari yana maegesho yenye paa, baiskeli haina hata bomba la kuifungia. Bawabu ndiye aliyeniokoa, naifunga kwa grili ya stoo, na Krismasi namkumbuka na sukari.

Mwalimu mstaafu, Maseno:
Wanangu, mnaongea kana kwamba baiskeli imeingia Kisumu jana. Boda yenyewe ilianza kwa baiskeli, mpakani Busia, miaka ya 1960. Hapa mjini wakati nafundisha, ukishuka basi unapokewa na vijana wenye baiskeli za Black Mamba, keria imewekewa mto wa sponji na kitambaa chenye nyuzinyuzi pembeni, na vyuma viwili vya kuwekea miguu. Kilichowaondoa si uvivu wa abiria. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zenye injini chini ya cc 250, na zile za kutoka China na India zikamiminika. Kijana aliyekuwa akikanyaga pedali akakopa, akanunua injini. Kwa hiyo mkitaka kujua watu watapanda nini kesho, msisome mabango, someni bajeti. Mwaka 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ndipo huyu wa Kibuye akaanza kumuuzia mhasibu.

Mpango wa usafiri wa mji huu upo, uliandikwa 2020 kaunti ikishirikiana na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, na ITDP, shirika la mambo ya usafiri mijini, na wanaotembea kwa miguu na wa baiskeli wamo. Karatasi ilikuwa nzuri. Hiyo mita moja ya sista ndiyo bado.

Dereva wa tuktuk:
Tunasemwa sisi tu. Na nyinyi wa baiskeli mnaotoka Mamboleo usiku bila taa, bila reflekta, koti jeusi? Mimi nakuona ukiwa tayari kwenye kioo.

Fundi, Ahero:
Huyo wa tuktuk ana haki. Reflekta ni pesa kidogo, nunueni.

Langu ni la udongo. Kama unaingia tambarare ya Kano wakati wa mvua, toa mudigadi. Ule udongo mweusi unajaa kati ya tairi na mudigadi mpaka gurudumu linagoma kabisa, unabeba baiskeli begani badala ya yenyewe kukubeba. Watu wanakuja kwangu wamekata tamaa wakidhani breki zimeshika, nachukua kijiti, nachokoa, bonge linatoka zima. Na hizi za mtumba zenye tairi nyembamba ni za lami. Huku chukua rimu ya 28 na keria ya chuma.

Mkazi wa Nakuru:
Sisi tuna stima ya mvuke wa Olkaria hukohuko kaunti yetu, nyinyi mna ya maji ya Sondu-Miriu, megawati 60, na bado tunapanga foleni ya betri stima ikikatika. Mimi nachaji yangu nyumbani, ploti ya Section 58. Yuniti zinazoingia si nyingi, lakini landilodi alipoona waya unatoka dirishani akasema nammalizia tokeni za ploti nzima. Tulikubaliana niweke mita ndogo yangu. Mwenye nyumba ya kupanga aongee na landilodi kabla ya kununua, asingoje kelele.

Mgeni wa uzi huu:
Nafanya kazi karibu na stendi kuu ya mabasi na nataka kuanza wiki ijayo. Baiskeli inaachwa wapi?

Sista wa zamu ya usiku:
Usiiache nje na kufuli moja. Ongea na wa duka la jumla lenye bawabu, mpe chochote kwa wiki. Na kiti utoe, uende nacho kazini.