Wadau wa Madden: Eagles yangu ina watu wawili wa 99 lakini nachapwa kila wiki, nimuuze Lane Johnson?

MbebaBoksi_Philly

Wakuu salaam. Najua humu wengi ni Simba na Yanga na wale wa ligi za Ulaya, ila najua pia wapo wenzangu tuliotupwa huku Marekani tukajikuta tunacheza Madden, lile gemu la video la mpira wa Marekani (NFL), maana usipoijua hauna cha kuongea na watu saa ya breki. Naombeni ushauri wa kweli, zile kejeli za "mpira gani unashikwa kwa mkono" nimeshazisikia za kutosha kutoka kwa shemeji yangu.

Iko hivi. Hapa ghalani ninapobeba boksi tuna ligi yetu ya Madden 26, tuko watu 8, kila mtu na timu yake kwenye Franchaizi ya onlaini (unaendesha timu msimu hadi msimu), mechi moja kwa wiki, anayefungwa anamnunulia mwenzake cheesesteak (mkate wa nyama na jibini) siku ya Ijumaa. Wakati wa kuchagua timu tulichota vikaratasi, mimi nikatoka na namba moja, nikachukua Philadelphia Eagles hata sikujiuliza. Kwanza mimi mtu wa Philly, ile Februari 2025 walivyowachapa Kansas City 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, nilikuwa Broad Street na baridi lote lile nimepanda juu ya pipa la taka kama mwendawazimu. Pili nimeangalia reitingi (alama za ubora wa mchezaji, mwisho ni 99), gemu lilivyotoka lilikuwa na watu 7 tu wa 99 ligi nzima, na wawili kati yao wako kwangu, Saquon Barkley mbeba mpira na Lane Johnson mlinzi wa laini ya mbele upande wa kulia. Nikasema hapa nakula cheesesteak za bure mpaka Pasaka.

Wakuu, mechi 6, nimenunua cheesesteak 5.

Anayenitesa zaidi ni jamaa mmoja Mliberia, yeye kachukua Miami Dolphins, ukiangalia namba ya jumla ya timu yake iko chini ya yangu kabisa lakini ana Tyreek Hill, ana Waddle, ana Achane, yaani ukipepesa jicho mtu kashafika kwenye nguzo. Wiki iliyopita niko nyuma pointi 4, imebaki dakika moja na nusu, jaribio la tatu bado yadi 8. Naanzisha, kotabeki wangu (mrusha pasi) Jalen Hurts anarudi nyuma, macho yangu kwa risiva (mdaka pasi) A.J. Brown anakata kuingia katikati, kidole kiko juu ya pembetatu kabisa, ghafla jezi ya Miami imetokea kulia. Kulia! Upande wa Lane Johnson, mtu wa 99! Hurts chini, mpira umemponyoka, wameuokota. Kontrola nusura niirushe ila ya mtoto.

Sasa jana kwenye breki huyo Mliberia kanifuata na ofa, ananipa risiva wake Jaylen Waddle, anataka Lane Johnson na piki yangu (zamu ya kuchagua mchezaji mpya) ya raundi ya pili. Komishna wa ligi ni supavaiza wetu (anachezea Dallas Cowboys, wapinzani wetu wa jadi, hapa hapa Philly, mjionee wenyewe aina ya mtu) na kasema akipata jibu langu kabla ya Jumapili anapitisha. Nimuuze? Na hizi reitingi zina maana yoyote au tunadanganywa?

Kishoka_77

Uza leo leo. Lane Johnson kazaliwa Mei 1990, kashagonga miaka 35 huyo, kaingia NFL 2013. Kwenye Franchaizi msimu ukiisha wazee wanaanza kushuka, hiyo 99 itamomonyoka kama ukuta wa udongo na anaweza kustaafu kabisa ukabaki na jezi. Waddle bado kijana na spidi haipatikani hovyo. Na huyo Barkley naye mwangalie, wabeba mpira wakigusa 28, 29 gemu halina huruma nao.

OtienoWaTwinCities

Maze hii stori imenikumbusha mbali sana. Mimi nilifika Minnesota nikiwa kijana wa high school na kwa cousin yangu kulikuwa na Madden 2004 pekee, ile ya Michael Vick kwa kava, Atlanta Falcons. Hiyo timu ukiangalia karatasi haikuwa kitu ya kutisha lakini Vick alikuwa na spidi ya 95 akiwa kotabeki, KOTABEKI, na mkono wa kurusha mpira kutoka hapa mpaka Wisconsin. Mtu akichukua Falcons ilikuwa ni vita kwa nyumba, mpaka cousin akaweka sheria Vick haruhusiwi, na kuna nyumba nyingi hapa Amerika watu waliweka sheria hiyo hiyo. Kwa hivyo buda usiangalie ile namba kubwa ya timu, angalia nani anaweza kimbia. Chukua Waddle.

MgeniNjooTule

Hivi huo ndio ule mpira wa yai wanasimama kila sekunde 5 kuongea? Nilikuwa napita tu

KochaMtoro

Mtoa mada kabla hujauza mtu jibu maswali mawili. La kwanza, ligi yenu inacheza misimu mingapi? La pili, ukianzisha mchezo Hurts unamrudisha nyuma yadi ngapi kabla hujarusha? Usinijibu kwa kichwa, nenda kaangalie marudio.

MbebaBoksi_Philly

@KochaMtoro msimu ni mmoja na kidogo, kwa mwendo wa mechi moja kwa wiki tukimaliza huu tukianza wa pili Agosti itakuwa imefika na Madden mpya imetoka, watu wanahamia huko. Hilo la pili nimeenda kuangalia mkuu na nimeona aibu. Narudi mpaka yadi 14, kuna moja nimefika 17. Nilikuwa najua nikirudi sana napata muda.

KochaMtoro

Ndio hapo. Umejichapa mwenyewe, Mliberia msingizie mengine.

Sikiliza, yule mlinzi wa pembeni kwenye laini ya mbele hamzuii mtu kama ukuta, anamsindikiza. Mshambuliaji anazunguka kwa nje, Lane anamsukuma azidi kuzunguka, apitilize nyuma ya kotabeki, akija kugeuka mpira umeshaondoka. Kazi yote hiyo imepigiwa hesabu kwamba Hurts kasimama yadi 7, 8, basi. Wewe ukirudi 14 umeenda kusimama palepale Lane anapomtupia mtu. Ni kama mama anamwaga maji ya kuoshea vyombo nje ya ua, wewe umeenda kusimama hapo hapo kwenye dimbwi halafu unalalamika mama hana shabaha. Ukiwa kwenye ile shotgun tayari mpira unaupokea yadi kama 5 nyuma, piga hatua mbili tatu, ukiona kulia na kushoto panabana PANDA MBELE katikati ya walinzi wako, usikimbilie nyuma.

Sasa kuhusu reitingi. Wanadanganyika wanaosoma ile namba ya jumla kama bei sokoni. Mchezaji mmoja ana vipimo zaidi ya 50, spidi, nguvu, kudaka, kuzuia pasi, kuzuia mbio, na kila nafasi ina mizani yake ya kuvichanganya. Mtoe Lane pale pembeni umpange mlinzi wa ndani, namba yake inabadilika na yeye ni yule yule. Kwa hiyo ukilinganisha 99 ya Lane na namba ya Waddle unalinganisha kilo na lita.

Kanuni yangu mimi, na nimeicheza hii gemu miaka mingi, ni hii: mtu ambaye kontrola yako haimgusi ndiye unayemlipia reitingi. Laini ya mbele hauichezi wewe, inacheza kompyuta kwa kufuata vipimo vyao, kwa hiyo 99 pale ni 99 kweli. Risiva unaweza kumpangia njia nzuri, ukamrushia mapema, ukamfichia udhaifu. Mlinzi wako mbovu utamfichia wapi?

Na kama msimu ni mmoja, umri wa Lane haukuhusu hata kidogo, hayo ya @Kishoka_77 ni ya mtu anayecheza misimu 10. Piki ya raundi ya pili mpe hata mbili ukitaka, zitakuja kutumika wakati nyie mko gemu lingine. Lane usimpe.

Kishoka_77

Hapo kwenye msimu mmoja nimerudisha kauli, sikujua. Ila spidi ni spidi, hilo sirudishi.

MamaWawili_Dallas

Habarini kaka zangu. Mimi huwa nacheza na mume wangu na wanangu wote wawili wa kiume na nawachapa, kwa hiyo naomba nisikilizwe.

Mmemsema kwenye kushambulia tu, mbona hamna aliyemuuliza kwenye ulinzi anamshika nani? Mtoa mada pointi anazokufunga huyo Mliberia ni za pasi ndefu si ndio? Wewe wakati huo kontrola iko kwa mchezaji gani?

MbebaBoksi_Philly

@MamaWawili_Dallas dada nashika Jalen Carter, pale mbele kabisa katikati, napenda kumkimbilia kotabeki wake.

MamaWawili_Dallas

Nilijua tu, wanaume wengi ndivyo mlivyo, mnataka kumwangusha mtu. Sasa Carter ana vipimo vikubwa vya kuvunja laini, mwache kompyuta imchezeshe, anajua kazi yake kuliko wewe. Unamchukua mtu anayeweza kujitegemea halafu unaliacha eneo la katikati linalohitaji macho ya binadamu. Wewe mshike Zack Baun, linibeka wako (mlinzi wa safu ya kati), au ingia kwenye orodha ya kupanga kikosi, kuna nafasi ya linibeka wa akiba kwa ajili ya mipango ya kuzuia pasi, weka pale sefti (beki wa nyuma kabisa) mwenye spidi halafu huyo ndiye umcheze wewe. Ukimshika wewe kile kipimo chake cha kuelewa mchezo hakina kazi kubwa, kichwa ni chako, unachohitaji kwake ni miguu. Hapo ndipo @OtienoWaTwinCities ana haki, Vick alitisha kwa sababu ile spidi ilikuwa mikononi mwa mtu. Ukiikabidhi spidi hiyo hiyo kwa kompyuta haifiki hata nusu.

Kwa Tyreek, yule kwa miaka mingi huko nyuma wamekuwa wanampa 99 ya spidi au karibu na hapo, usijaribu kumfukuza, hautamkamata. Rudi nyuma mapema kabla hajaanza, kaa katikati ya uwanja, umlazimishe Mliberia arushe pasi fupi. Watu wa Miami hawapendi kuvumilia. Wale wa ukweli waliwapiga Denver 70-20 Septemba 2023, kila anayewachukua kwenye gemu anataka irudie leo.

BukavuBoy

Jambo yenu. Miye niko Louisville. Swali ya reitingi ni ya uongo ao hapana, miye nasema ni maoni ya batu. Kule kwa kampuni kuko batu kazi yabo ni kuangalia mechi na kuandika ile namba, na msimu ukianza banabadilisha kila mara, kila mwaka ikitoka bachezaji bale ba kweli banakasirika kwa mtandao juu banaona spidi yabo iko chini. Lakini angalia, Franchaizi yenu ikisha kuanza haifuate tena mambo ya inje. Tyreek aliumia goti mwezi wa 9 mwaka 2025 mu mechi na Jets, msimu ukaishia pale, lakini kwa huyu Mliberia angali anakimbia. Basi usingojee apdeti ikuokoe.

OtienoWaTwinCities

@MamaWawili_Dallas nakubali mama, umenimaliza. Lakini mkiongea Eagles mbona hakuna mtu ametaja Jordan Mailata? Huyo jamaa alikuwa anacheza raga huko Sydney, hajawahi cheza hata mechi moja ya huu mpira, Eagles wakamchukua raundi ya 7 mwaka wa 2018, akaja kukalia ile upande ya kushoto ya laini ya mbele na wakawa champions na yeye Februari 2025. Sisi wa raga ya Kenya tulikuwa na Daniel Adongo pale Colts 2013, tukadhani tumefika.

KochaMtoro

Umegusa mahali pazuri sana. Barkley kapiga yadi 2,005 mwaka 2024, akapumzishwa mechi ya mwisho akiwa anadai 101 tu avunje rekodi ya Eric Dickerson ya tangu 1984. Alipokuwa Giants kabla ya hapo, Barkley huyo huyo, miguu ile ile, alikuwa anagongwa kabla hajafika kwenye mstari. Kilichobadilika ni nani yuko mbele yake. Na huyo Lane sekondari alikuwa kotabeki, watu wakamsogeza sogeza mpaka wakampata anapokaa.

Mtoa mada nenda mazoezini leo, piga pasi 30, sheria moja tu: usivuke yadi 9.

MbebaBoksi_Philly

Wakuu mrejesho. Samahani nimechelewa, wiki hii walitupa ovataimu.

Nilifanya mazoezi usiku kama saa moja na nusu, mke akaniuliza mbona naongea peke yangu, nilikuwa nahesabu yadi kwa sauti. Jumamosi nimecheza na jamaa wa Puerto Rico anayetumia Giants, nimeshinda 31-17. Hurts kaangushwa mara moja tu mechi nzima, na hiyo moja nilijisahau nikarudi mpaka 13, nikacheka mwenyewe. Niliona kabisa yule mtu anazunguka kwa nje, Lane anamsukuma, anapita nyuma yangu kama basi lililokosa kituo. Carter nimemwachia kompyuta, kapata sack 2 (kamwangusha kotabeki wao mara 2) bila mimi, nimeumia kidogo moyoni. Katikati nimeshika sefti kama dada alivyosema, nikadaka pasi moja, moja nikaiangusha ilikuwa ya wazi kabisa.

Ofa ya Waddle nimeikataa. Supavaiza hakufurahi, sijui ilimhusu nini.

Miami nakutana nao tena wiki mbili zijazo. Ila sasa hivi niko kwenye basi naenda shifti, Mliberia kanitumia meseji, kasema sawa Lane baki naye, ananipa Waddle na piki ya raundi ya kwanza nimpe Mailata. Huyu mtu anafuata nini kwenye laini yangu?