Mjadala: Mia tano ya mama wa Faza ikatwe au isikatwe?

Ndugu zangu wa Amu (Lamu), wa Pate na wa bara ya Mokowe, naliweka swali hili mbele yenu tulijadili waziwazi: je, sheria iseme kwamba kutuma na kutoa pesa kwa simu, kiasi kisichozidi shilingi 1,000, kuwe bure?

Nitawaambia kilichonifanya niulize. Desemba 2025 habari kubwa ya fedha nchini ilikuwa hisa za kampuni ya simu ya Safaricom. Serikali ilitangaza kwamba inataka kuiuzia Vodacom, kampuni ya simu ya Afrika Kusini, asilimia 15 ya kampuni kwa shilingi 34 kila hisa, jumla yake kama bilioni 204. Wakubwa wakaanza kuvutana. Huyu anasema bei ni ya kutupa, yule anasema barabara hazijengwi kwa maneno, mwengine anakumbusha kwamba mwaka 2008 wananchi waliuziwa hisa hizo kwa shilingi 5. Wavutane tu. Lakini katika kelele zote hizo sijasikia mtu akiuliza kinachoifanya hisa ile iwe na bei. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, peke yake iliingiza zaidi ya shilingi bilioni 160. Pesa hizo zimetoka kwetu, saba hapa, kumi na tatu pale, ishirini na tisa kule, kila siku ya Mungu.

Mwezi uliopita nilikuwa Faza, nimesimama mbele ya duka la wakala nangoja kivuli kigeuke. Akaja mama mmoja mtu mzima, kitambulisho amekifunga kwenye pindo la leso pamoja na ufunguo. Mwanawe ni kibarua Mombasa, kamtumia mia tano. Wakala akamsomea ujumbe, akamsaidia kubonyeza simu yake ndogo, ile mulika mwizi, akaandika kwenye daftari, mama akaweka alama ya kalamu mahali pa sahihi. Kisha akahesabiwa noti na sarafu: mia nne na sabini. Akauliza, "Na salio?" Akajibiwa, "Mama, ishirini na tisa ni ya kutolea. Shilingi moja imebaki kwenye simu." Aliitazama simu kitambo, kama anayemtazama mtu aliyemwahidi kitu. Akafunga pesa kwenye pindo akenda zake.

Mwanawe Mombasa alilipa 507 ili mamake ashike 470.

Sasa pigeni hesabu nami, kwa ada za M-Pesa zilizotangazwa baada ya sheria ya fedha ya 2023. Kutuma mia tano ni shilingi 7 na kuitoa ni 29, jumla 36. Hiyo ni zaidi ya shilingi 7 katika kila mia. Tajiri akituma laki moja analipa 108, na mwenye kuitoa analipa 309, jumla 417. Hiyo haifiki hata nusu shilingi katika kila mia. Kwa hiyo kibarua anakatwa zaidi ya mara kumi na tano ya tajiri kwa kila mia anayoigusa. Nimeirudia hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea.

Na tusiambiwe haiwezekani. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, Benki Kuu ilitangaza kutuma hadi shilingi 1,000 kuwe bure, na ikawa hivyo mpaka mwisho wa mwaka. Kampuni haikufa. Naomba maoni yenu, na anayepinga apinge kwa hoja.

Wakala, Kizingitini

Mimi napinga, na nataka unisikilize kwa sababu wewe ulisimama nje ya duka, mimi nakaa ndani. Katika ile ishirini na tisa mna kamisheni yangu. Ukiifanya bure, mimi nitakula nini? Wenzangu wa mjini Amu wana benki karibu, pesa zikiwaishia wanavuka vichochoro viwili wamepata. Mimi noti zikiniishia napanda boti hadi Amu na kurudi, safari yenyewe tunafuata maji, nauli kwenda na kurudi yangu, hatari ya kubeba mfuko baharini yangu. Siku za kusi kali siendi. Siku hiyo mtu ana elfu kumi kwenye simu na hana cha kununulia mkate, maana sina noti za kumpa. Hapo ndipo utajua kwamba mtandao bila wakala ni taa bila mafuta.

Tena umechanganya jambo. Mwaka 2020 kilichokuwa bure ni kutuma tu. Kutoa kulibaki na ada yake vilevile. Usiwaambie watu nusu.

Mchuuzi wa samaki, Mkunguni

Wakala kasema kweli kuhusu 2020, lakini ule mwaka mie naukumbuka vizuri. Watu waliacha kulipana mkononi, hata changu wa mia mbili alilipiwa kwa simu, na pesa hazikutolewa haraka kwa sababu zilizunguka humo humo. Ada iliporudi Januari 2021, kila mtu akarudi kwenye noti.

Siku hizi nina namba ya tili, ile ya mfanyabiashara kupokelea malipo ya simu. Mteja halipi kitu, na mimi nakatwa kidogo sana, kama nusu shilingi kwa mia, na malipo ya chini ya mia mbili hayakatwi. Kwangu ni nafuu. Shida inaanza alfajiri nikinunua. Nahodha hataki simu, ana vijana wanne wa kugawiwa pale pale ufuoni, kila mmoja na sehemu yake, na mwenye barafu naye kasimama. Basi kila siku lazima nitoe noti, na hapo ndipo inaponiuma. Kwa hiyo mimi nasema kutuma kuwe bure, kutoa kupunguzwe, na atakayelipa gharama ya wakala tumtafute.

Nahodha, Matondoni

Vijana wangu nawalipa mkononi. Sehemu ya mtu ni sehemu ya mtu, sitaki igawanywe na asiyeingia baharini.

Mwalimu wa biashara, mji wa Amu

Naheshimu machungu ya mwenye mada, lakini huu mtego tuliwahi kuuingia. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kufunga riba za benki, isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Wananchi tulishangilia. Kilichotokea ni kwamba benki ziliacha kumkopesha mwenye kibanda, zikaipa serikali pesa zao kwa kununua hati zake za mkopo, maana huko hakuna hasara. Novemba 2019 sheria ikaondolewa. Mdogo aliyekusudiwa kusaidiwa alikuwa ashapata mlango umefungwa, akakimbilia mikopo ya simu yenye gharama kubwa kuliko ile ya benki.

Bei ikilazimishwa kuwa sifuri, anayetoa huduma huangalia wapi kuna hasara, na huko huondoka. Nyinyi wa Kiunga, wa Ndau na wa Kizingitini ndio mtakaoachwa wa kwanza, kwa sababu ndiko kuna gharama kubwa na miamala midogo. Tena mtambo unafanya kazi ile ile ukituma mia tano au laki. Kusema ada ilingane kwa kila mia ni sawa na kutaka nauli ya boti ilingane na uzito wa mfuko wa abiria.

Fundi wa simu, Langoni

Mwalimu wangu, naomba kupingana nawe. Mfano wa riba ni mzuri lakini haufanani na huu. Benki zilikuwa na pa kukimbilia, hati za serikali zilizikaribisha. Kampuni ya simu itakimbilia wapi? Minara ishajengwa, na mtu aliye Ndau anapiga simu kwa minara hiyo hiyo.

Tazameni waliotutangulia kwa njia nyengine. Brazili, Benki Kuu yao yenyewe ilianzisha mfumo wa Pix mwezi Novemba 2020, na mtu wa kawaida kumtumia mwenziwe ni bure. India wana mfumo wao wa malipo ya simu, UPI, tangu 2016, na pale muuza chai anapokea malipo kwa karatasi yenye alama ya QR, ya kupigwa picha kwa simu, iliyobandikwa ukutani. Sisi tulianza kabla yao wote, Machi 2007, dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Mbona aliyekuwa mwalimu ndiye anayelipa ghali kuliko wanafunzi wake? Tofauti ni kwamba wao njia ya pesa waliifanya kama barabara ya umma. Yetu ina mwenyewe, na serikali ni mwanahisa anayekula pembeni.

Na kula yenyewe ni mara mbili. Kwanza gawio la hisa, pili ushuru. Ushuru juu ya ada za kutuma pesa ulikuwa asilimia 10, 2018 ukawa 12, 2023 ukawa 15. Mwaka 2024 walitaka kuufikisha 20, mswada ukarudishwa Juni baada ya vijana kumiminika barabarani. Katika ile 36 ya mama wa Faza, karibu shilingi 5 zinakwenda Nairobi kwenye hazina.

Mwenye mada

Nimewasoma wote, na kuna mahali nimerudi nyuma.

Wakala wa Kizingitini, umenisahihisha na nimekubali. Nilisema bure kwa kila kitu bila kufikiria boti yako. Sitaki mama wa Faza ashike mia tano kamili halafu wewe ufunge duka, maana siku hiyo atalazimika kufuata pesa Amu kwa nauli inayozidi ada yenyewe.

Kwa hiyo nalibadilisha swali langu. Kutuma hadi 1,000 kuwe bure, kama 2020. Kutoa hadi 1,000 kusizidi shilingi moja kwa kila mia. Kamisheni ya wakala isipunguzwe hata senti, itoke kwenye fungu la kampuni. Na ushuru wa asilimia 15 uondolewe kwenye miamala hii midogo kabisa. Serikali iliyotangaza kuuza hisa kwa bilioni 204 haiwezi kuniambia kwamba bajeti itaanguka kwa shilingi tano za mama yule.

Mwalimu, mfano wako wa nauli ya boti umenikaa kichwani usiku kucha, na nimeupatia jibu. Abiria na mfuko wake ni safari moja ya hiari. Pesa ya simu kisiwani haina hiari. Mshahara unaingia kwa simu, karo inataka simu, hata michango ya mazishi siku hizi inaitishwa kwa simu. Kitu ambacho mtu hana njia ya kukikwepa hakifai kumkata maskini kwa kila mia kuliko tajiri. Na kama mtambo hufanya kazi ile ile kwa mia tano na kwa laki, mbona ada ya kutuma ni 7 kwa huyu na 108 kwa yule? Kampuni yenyewe ishakubali kwamba ada ifuate kiasi. Inachokataa ni kukifuata mpaka chini.

Hofu yako kwamba watatuacha sisi wa visiwa vya mbali siidharau. Hiyo ndiyo sababu nataka iandikwe katika leseni, si katika ahadi.

Mchuuzi wa samaki, Mkunguni

Shilingi moja kwa mia naichukua leo hii. Lakini ongezeni na manahodha, wasilazimishwe kulipwa kwa simu. Mtandao ukizimika, samaki hangoji.

Mwenye duka la rejareja, Faza

Nimechelewa kuingia, nilikuwa napakua mzigo. Yule mama mnayemzungumza, kama siye basi ni mwenziwe, maana ninao kama kumi wa namna hiyo. Niwaambie wanachofanya sasa. Wamewaambia watoto wao wasitume mia tano kila wiki. Watume elfu moja kila wiki mbili, kwa sababu elfu moja kuituma ni 13 na kuitoa ni 29, jumla 42, badala ya 72 za mara mbili. Thelathini hiyo wanaiokoa, na kwa mama wa huku si kidogo.

Lakini wiki ile ya katikati hawana kitu. Wanakuja kwangu, mama anaweka kikapu chini, anasema, "Mwanangu, niandikie." Naandika unga, sukari, mafuta ya taa. Siwezi kumkatalia, kanilea na mamangu nyumba moja. Mimi nami nanunua mzigo Amu kwa mkopo wa simu, na huo mkopo una ada yake kila siku unapolala. Daftari la leo lina majina kumi na moja na tarehe haijafika kati ya mwezi.