Tupeane uzoefu: leseni ya udereva imefungiwa Marekani, unaambiwa ulete SR-22

Mbeba Boksi, Dallas

Wakuu, habari za saa hizi. Haupiti mwezi bila mtu kunipigia: "Kaka, leseni yangu imefungiwa, wananiambia nilete SR-22. Ni kitu gani hicho na kinauzwa wapi?" Mimi yalinikuta, nikahangaika miezi minne kwa kukosa mtu wa kunielekeza. Kila mtu aseme ya jimbo lake, anayekuja nyuma asianzie sifuri.

Naanza. Nilikamatwa mara mbili bila bima. Mara ya kwanza bima ilikuwa imekatika wiki tatu, hela nilikuwa nimetuma nyumbani kwa ajili ya msiba. Nikalipa faini nikajua yameisha. Kumbe kulipa ile faini ni kukiri kosa, na kosa linaandikwa kwenye rekodi yako. Mwaka uliofuata nikanaswa tena, leseni ikafungiwa. Barua ilikwenda kwenye nyumba niliyokwisha hama, sikuwa nimebadilisha anwani. Nilikuja kujua usiku, pembeni mwa barabara kuu, askari kasimama dirishani na tochi ananiuliza kama najua leseni yangu haifanyi kazi. Mkono ulitetemeka mpaka kadi ikanidondoka chini ya kiti. Gari likavutwa. Yadi wanahesabu kila siku linayolala pale, nikaishia kuliuza.

Sasa sikilizeni. SR-22 si bima. Ni cheti ambacho kampuni ya bima inakipeleka yenyewe kwa jimbo, kusema: huyu tumemkatia bima inayotosha, na ikikatika tutawajulisha. Bima inayotakiwa ni ile tunayoiita kwetu bima ndogo. Hapa Texas kiwango cha chini ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima, na 25,000 kwa mali uliyoharibu. Kupeleka cheti walinitoza dola 25 tu. Kinachouma ni bima yenyewe, maana ukishakuwa na rekodi ya namna hii bei inaruka.

Kilichonipotezea muda ni kwamba sikuwa na gari. Wakala wa kwanza akaniuliza namba ya chesisi, wa pili vilevile, nikaamini lazima ninunue gari ndipo nipate bima. Nilikuwa nimeshaanza kukopa. Wa tatu, mama mmoja mtu mzima, akaniambia, "Mwanangu, ipo bima ya dereva asiye na gari." Inakukinga wewe na madai ya watu wengine ukiendesha gari la kuazima. Gari lenyewe likiharibika halilipiwi, na haifai kama nyumbani mna gari unalolitumia kila siku. Ila SR-22 inatolewa juu yake kama kawaida, na kwangu ilikuwa nafuu kuliko ya mwenye gari. Nikalipa jimbo dola 100 za kurudishiwa leseni, cheti kikaingia kwenye mfumo wao, leseni ikafunguliwa.

Texas unatakiwa uwe na cheti hicho miaka 2, na inahesabiwa tangu tarehe ya hukumu, si tangu siku uliyonunua bima. Angalieni tarehe hiyo kwenye makaratasi ya mahakama.

Mama wa Watatu, Chicago

Asante kaka kwa kuanzisha. Huku Illinois ni miaka 3. Mimi niligonga gari la mtu wakati sina bima, ikawa ndiyo hiyo safari.

Nataka niseme kuhusu kukatika, kwa sababu ndiko nilikoanguka. Mwaka wa kwanza nililipa vizuri kabisa, benki ilikuwa inakata yenyewe kila tarehe 3. Kadi ikaisha muda, benki wakanitumia mpya, nikaitia kwenye pochi nikasahau kuwapa watu wa bima namba mpya. Malipo yakagoma. Bahasha zao zilikuja mbili, nikazibana kwenye mlango wa friji na sumaku ya umbo la nanasi, nikisema nitafungua Jumapili. Nafanya kazi zamu mbili, watoto watatu. Jumapili haikufika.

Bima ikakatika. Kampuni wana wajibu wa kupeleka taarifa nyingine jimboni, inaitwa SR-26, kwamba huyu hatunaye tena. Leseni ikafungwa upya. Hakuna anayekuuliza ulikuwa na shida gani. Nyumbani enzi zile ulikata bima ya mwaka, ukabandika stika kwenye kioo, ukasahau. Hapa ni kama mgonjwa wa sukari na sindano, siku uliyoruka ndiyo inayokuangusha.

Dada zangu, kama mna uwezo lipeni miezi 6 kwa mkupuo. Mimi sasa nafanya hivyo nikirudishiwa kodi, na tarehe ya kuanza tena nimeiandika ukutani jikoni.

Mwana wa Nakuru, Philadelphia

Salaam. Yangu ni ya kuhama. Leseni ilifungiwa nikiwa Illinois, nikapata kazi Pennsylvania nikafikiri nimeacha hayo mambo nyuma. Nikaenda kuomba leseni ya huku, dada wa dirishani akabonyeza tarakilishi, akanigeuzia uso: kuna jimbo limekufungia. Majimbo yanaangalia rekodi moja ya nchi nzima, huwezi kuikimbia.

Sasa taabu. Pennsylvania haitumii SR-22. Si yenyewe tu, New York hawaitumii, Minnesota hawaitumii, North Carolina pia. Nilizunguka kwa mawakala wadogo wa mtaani, kila mmoja ananiambia hiyo kitu hatuijui. Lakini Illinois wanaidai bado, haijalishi unaishi wapi. Kilichonisaidia ni kutafuta kampuni kubwa yenye kibali majimbo yote mawili. Nikawaambia neno kwa neno: nakaa Pennsylvania, nataka bima ya hapa, na SR-22 ipelekwe Illinois. Siku mbili ikawa tayari. Nilikuwa nimepoteza wiki saba kwa kuuliza swali vibaya.

Mama Mlezi, Tampa

Wanangu, shikamooni kwa wanaostahili, na marahaba kwa wadogo.

Mkasa ninaousimulia si wangu, ni wa kijana wangu wa miaka 24. Alikamatwa amekunywa. Sitaficha, kwa sababu najua kuna wazazi wanasoma na kunyamaza. Florida ukikamatwa kwa ulevi na ukatiwa hatiani hawataki SR-22, wanataka FR-44. Virginia nao wanayo. Tofauti ni viwango: hapa Florida ni dola 100,000 kwa mtu, 300,000 kwa ajali, 50,000 kwa mali. Linganisheni na dereva wa kawaida wa hapa, ambaye kwa sheria anatakiwa bima ya mali dola 10,000 na ya matibabu yake 10,000. Bei aliyotajiwa mara ya kwanza, nilikaa chini.

Nilitaka kumwingiza kwenye bima yangu ili apate nafuu. Wakala akanionyesha hesabu kwenye karatasi, na mimi nisiye na kosa ningepanda karibu mara tatu. Nikasema hapana, baba, kata ya kwako. Analipa mwenyewe, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli. Kila Ijumaa ananiletea risiti bila kuombwa, naiweka kwenye bati la biskuti pamoja na vyeti vyake vya shule.

Mbeba Boksi, Dallas

Mama, pole sana, na Mungu amsimamie kijana.

Kuna ndugu kaniandikia pembeni, anafanya zamu ya usiku na saa 10 alfajiri hakuna basi. Kwa Texas ipo leseni ya muda ya kwendea kazini, shuleni na shughuli za lazima za nyumbani. Inaombwa mahakamani, na nayo inadai SR-22. Usiendeshe kimya kimya kwa kuwa ni karibu. Kuendesha leseni ikiwa imefungiwa ni kosa jingine juu ya lile, na kwetu wenye makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri, rekodi ya mahakama ni kitu cha kuogopa.

Mgeni Mjini, Houston

Kaka shikamoo. Nimebakiza miezi 5 ya SR-22. Ijumaa nauza gari, nitatumia la shemeji kwa muda. Nikate bima siku hiyohiyo nisilipe bure?

Mbeba Boksi, Dallas

Marahaba mdogo wangu. Usikate. Wapigie Alhamisi, waambie unauza gari na unataka uhamie bima ya asiye na gari, SR-22 iendelee bila kuruka hata siku moja. Kama unaishi nyumba moja na shemeji waambie pia, kwa sababu hapo huenda wakataka jina lako liingie kwenye bima ya gari lake. Ya zamani ife baada ya mpya kuanza. Ukishapata karatasi mkononi, nenda kauze gari.