Laptopu ya eksi-UK inazima ghafla, ni betri ama mazabodi (bodi kuu ya ndani)?

kijana_wa_kayole:
Wasee habari. Nilichukua laptopu ya eksi-UK (mtumba kutoka Uingereza) hapa tao, dukani iliwaka poa kabisa ikiwa kwa chaja, sasa nikichomoa dakika kumi tu inazima bila kuonya na bado inasoma asilimia 40. Nimeuziwa mbuzi kwa gunia ama?

fundi_mtaani:
Hiyo ni betri boss. Fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, alafu linganisha chaji ya kiwandani na ile inashika saa hii. Siku ingine chomoa chaja hapo hapo dukani ucheze video nusu saa, muuzaji akinuna wewe kaa tu.

mama_saiba:
Kabla ununue betri cheki prosesa. Intel chini ya kizazi cha 8, karibu zote Windows 11 haizikubali rasmi, na ya 10 sapoti iliisha Oktoba 2025. Na BIOS (ile programu ya kuwasha mashine kabla ya Windows) ikiitisha paswadi, rudisha hiyo mashine mbio.

kijana_wa_kayole:
Nimecheki, chaji ya betri kutoka mWh 48,000 za kiwandani imebaki 11,200 😭 prosesa ni kizazi cha 8 lakini, afadhali. Kesho naenda na risiti